Mluzi Umekoma kwa Asilimia Mia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi ila kwa kofia nyingine. Katibu wangu mchapakazi uliyeshika faili la kijani hapo pembeni. Wazee wetu arobaini wapendwa wa safu za mbele, akiwemo mwalimu mstaafu, mkunga mstaafu, na wewe Shangazi yangu wa damu, fundi cherehani uliyenishonea hata suti hii, uliyekuja na mjukuu wako mapajani. Fundi mitambo wa ukumbi. Wafanyakazi wenzangu mliopangwa nyuma, mbali na mlango ili msitoroke: kila mwenye cheo ajihesabu ametajwa, na asiye nacho avute subira. (Katibu anainua faili la kijani. Wazee wanalitazama faili na kupiga makofi.)

Mluzi! (Wafanyakazi, nyuma: "Ukome!") Sijasikia. Mluzi! ("Ukome!")

Ahsanteni. Najua wengine mnajiuliza mbona leo Mkurugenzi amerefuka. Nimesimama juu ya sanduku, ndugu zangu, kwa sababu kiongozi lazima aonekane. (Kicheko nyuma. Wazee kimya.)

Kwa muda mrefu wazee hawa wameteswa na mashine za masikio za kuwasaidia kusikia zinazopiga mluzi. Mzee akiinama kufunga kamba za viatu, fyuuu! Bibi akimkumbatia mjukuu, fyuuu! Kitaalamu, na hapa mnivumilie kwa kuwa nimehudhuria semina saba, sauti iliyokuzwa na spika ndogo ya sikioni huvuja pembeni, hurudi kwenye maikrofoni ya mashine ileile, hukuzwa tena, huvuja tena, na kadhalika na kadhalika, mpaka inakuwa… (Maikrofoni ya ukumbi inapiga mluzi mkali. Wafanyakazi wanaziba masikio. Wazee wanatabasamu tu.) Mnaona? Hata ukumbi unaunga mkono hoja!

Ofisi yangu basi, kwa kuzingatia framuweki ya kimkakati na rodimapu shirikishi, ikabuni Mradi wa Kuchakata Mawimbi ya Sauti Kidijitali, ambamo algorithimu hukaa ndani ya mashine kama mlinzi getini, ikakisia ni sauti ipi iliyovuja, ikatengeneza nakala yake, ikaiondoa kwenye sauti inayoingia, ikabaki sauti ya mtu anayesema na wewe. Implimentesheni ya feizi ya kwanza ilianza miezi minane iliyopita, tulipokusanya mashine zote arobaini kwa ajili ya maboresho, na tangu siku hiyo, kwa takwimu nilizozithibitisha mwenyewe, malalamiko ya mluzi yamepungua kwa asilimia mia moja! (Faili la kijani. Makofi marefu.)

(Shangazi anasimama, anapaza sauti kama mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe: "Mwanangu, mashine yangu iko wapi? Mjukuu ameanza kusema, nami naona midomo tu! Huu ni mwezi wa nane tangu mzichukue!")

Mmemsikia Shangazi yangu? Ameishukuru ofisi. Kaa, Shangazi, kaa. (Anamwonyesha kwa mikono. Shangazi hakai.) Ni kweli mjukuu ameanza kusema, na hiyo pia ni maendeleo yaliyopatikana katika kipindi changu, maana wakati naingia ofisini mtoto huyu alikuwa hajui hata kutambaa… (Maikrofoni inapiga mluzi tena, mrefu zaidi.)

Nini, fundi? Anasema spika imeelekezwa kwenye maikrofoni. Anataka kuisogeza, na ananiomba nishuke, sanduku lisogee pia. Haya, nashuka. Chukua, ila taratibu, hilo ni mali ya… taratibu, bwana! (Kifuniko kinafunguka. Vinamwagika vifuko vidogo vya kitambaa, kila kimoja kimetariziwa jina kwa uzi mwekundu.)

(Shangazi: "Vifuko vyangu! Nimevishona kwa mkono wangu, vyote arobaini, eti mashine zisichanganyike maabara!")

Ndugu wananchi, tusiwe na haraka ya tafsiri. Mashine zilikuwa katika hatua ya uhifadhi tulivu. Shangazi, usi… Betri? Umetembea na betri mpya mkobani? Tangu lini? (Shangazi, mashine yake sasa sikioni, anaonyesha vidole vinane, miezi minane, anapitisha pakiti safu hadi safu. Wazee wanachambua vifuko, wanapeana na kuvaa mashine.) Mimi naendelea. Ukurasa wa tisa. Mafanikio yangu binafsi…

(Fyuuu. Kisha fyuuu nyingine, safu ya pili. Kisha safu zote za mbele.)

Ahsanteni! Ahsanteni kwa miluzi ya shangwe! Katibu, inua. (Faili la kijani linainuliwa. Hapigi makofi hata mmoja. Mwalimu mstaafu: "Kumbe miezi yote hii tumekuwa tukiyapigia makofi maneno haya?" Wazee wanacheka mpaka wanashikana mabega.)

(Mjukuu anamgusa Shangazi shavuni: "Bibi analia." Shangazi: "Sema tena, mama. Sema tena.")

Mimi… nimepoteza ukurasa. Shangazi, samahani. Kweli kabisa, samahani. (Anajifuta uso kwa tai, anakohoa.) Lakini itifaki haisubiri machozi, kwa hiyo namalizia. Nawashukuru kwa dhati wahandisi wa mradi, ambao tangazo la kuwatafuta bado linahaririwa. Naishukuru maabara yetu ya kisasa, ambayo chumba chake hakijapatikana. Na kwa namna ya pekee naishukuru algorithimu, ambayo mpaka asubuhi ya leo ilikuwa aya moja ndani ya hotuba hii. Mluzi!

(Wazee, kwa sauti moja: "Upige!")

Ukome, ndugu zangu, tulikubaliana ukome. Mluzi!

("Upige!" Katibu ameweka faili chini na anaitikia nao. Shangazi peke yake hajajibu. Amelaza sikio kwenye mdomo wa mjukuu, mashine inapiga fyuuu, na anamwambia mtoto aseme tena.)