Shimo Jeusi Lililoongea Kutoka Stoo

Jumatatu, 12 Januari

Joto. Kondoo wamelala kwenye kivuli cha tangi kama mawe. Mlangoni mwa posta pamebandikwa tangazo: kituo cha darubini kinatafuta mwongoza wageni mmoja. Mmoja tu! Kila mwombaji ataeleza mashimo meusi kwa dakika tano mbele ya watu watatu, Alhamisi. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote katika nyika hii yote ya Karoo. Tangu nimalize shule nimesoma kitabu cha mashimo meusi mara nne. Tatizo: mbele ya watu watatu siongei. Mbele ya wawili pia.

Binamu yangu Rochelda ameomba pia. Anadhani shimo jeusi ni aina ya pango. Lakini anaongea! Amenipita barabarani akaniambia nisijisumbue, watu hawataki mwongozaji wa kuonyesha kwa nyusi.

Jumanne, 13 Januari

Mchana kutwa chini ya tangi, nikitazama sahani nyeupe za darubini kule bondeni. Zinasikiliza mawimbi ya redio kutoka mbinguni hata jua likiwaka. Nilizisikiliza zikisikiliza.

Nyota kubwa sana ikiishiwa moto, inajiangukia yenyewe, mpaka hata mwanga hautoki. Ukimtazama kwa mbali mtu anayetumbukia, utamwona anapunguza mwendo, anageuka mwekundu, anafifia. Hutamwona akivuka mpaka wa shimo. Kamwe! Yeye mwenyewe amekwisha kuvuka, bila kusikia hata mlango ukifungwa. Na kule ndani kabisa, ambako kila kitu kinabanwa mpaka kuwa nukta, hesabu zetu zinafika na kunyamaza. Hesabu! Zinanyamaza! Nilitamani kuzishika mkono.

Hapo ndipo mpango uliponijia. Kwa nini niongee mimi? Shimo jeusi lijieleze lenyewe! Chungu cha chuma cha Bibi Griet, kile cheusi cha miguu mitatu. Ndani yake sauti. Mwenye sauti, mimi, nimejificha stoo ya kituo pamoja na mifagio.

Jumatano, 14 Januari

Simu haziruhusiwi kituoni. Kila mtoto wa hapa anajua: zinaachwa getini kwenye kabati la chuma, maana sahani zile zinasikia kila kitu. Sawa. Sitapeleka simu. Dada Anneline ana kifaa cha kumsikiliza mtoto akilia chumba kingine: kipande kimoja kitanisikia stoo, kingine kitatoa sauti chunguni. Si simu! Nimesoma orodha ya getini mara mbili. Simu, saa za kisasa, maikrowevu. Vifaa vya watoto wachanga havijatajwa. Nina akili sana nikiwa peke yangu.

Bibi aliuliza chungu chake kinakwenda wapi. Nikasema kwa wanasayansi. Akasema basi niwaambie nyama ya shingo inaingia kwanza, na wasifunuefunue.

Alhamisi, 15 Januari

Rochelda alitangulia. Aliwachekesha. Nikaingia, nikaweka chungu mezani, nikainama, nikatoka. Stoo! Giza. Harufu ya sabuni. Nikabonyeza kitufe, nikasema: Karibuni, mimi ni shimo jeusi.

Na nikaongea! Niliongea kama maji. Nilieleza mpaka, mwanga, wakati unaokawia. Nilikuwa nimefika kwenye nukta mlango ulipofunguliwa. Mzee Beukes, anayewinda mawimbi ya redio yasiyotakiwa kituoni, vipokea sauti masikioni, antena mkononi. Akaniuliza, “Binti, unazungumza na nani humu?” Nilimwonyesha kwa nyusi.

Sahani zote zilikuwa zimeelekezwa kwenye shimo jeusi moja la mbali sana. Mawimbi ya gesi inayolizunguka yamesafiri miaka milioni hamsini kuja kwetu. Katikati ya mawimbi hayo, sauti yangu. Dakika nne za kazi yao zimetupwa.

Dokta Visagie, mkuu wao, alivua miwani. Akasema amekaa hapa miaka kumi na hajawahi kusikia maelezo mazuri kama yale ya chungu. Kisha akasema chungu hakiajiriwi. Niende tena Jumatatu, niyaseme kwa mdomo wangu, na nisithubutu kuleta kitu chenye betri. Nikishindwa, kazi ni ya Rochelda.

Rochelda alikuwa mlangoni. Aliniuliza kama chungu kitakuja kumpongeza.

Jumamosi, 17 Januari

Siku mbili nimewaza. Nimelala chali nikakubali kosa langu, bila kujitetea. Kosa lilikuwa betri.

Bomba la mpira la kumwagilia bustani halina betri. Halitoi wimbi lolote. Nimelipima: mita ishirini. Linatosha kutoka meza ya Dokta Visagie, kupitia dirishani, mpaka nyuma ya tangi lao la maji. Na mdomo utakuwa wangu kabisa, kama alivyotaka. Hakusema uwe ndani ya chumba.

Nimejaribu na Bibi. Alikuwa jikoni, mimi bustanini. Nilieleza mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja! Anasema alisikia kila neno, na kupata maji kidogo sikioni.