Marko Ng'washi Hajala kwa Bi Batuli

Alhamisi, 4 Julai 1974

Hili sijamwambia mtu: Bwana Marko Ng'washi hayupo duniani. Nilimtunga mimi, juzi, nikichambua mchicha.

Sababu ni maktaba ya chuo cha ualimu. Baba ni dereva wa chuo; mimi niko kidato cha pili, na maktaba ni ya wanachuo tu. Huwa nasimama dirishani kusoma migongo ya vitabu. Sasa chuo kinatimiza miaka kumi. Mwalimu Apolinaria, mkuu wa chuo, ametangaza kwamba mtoto wa mtumishi atakayewashinda wenzake kwa orodha ya watu mashuhuri waliosoma hapa ataingia maktabani mwaka mzima.

Lugembe, mtoto wa mwalimu wa hesabu, ana kumi na mmoja. Mimi pia kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ni Marko. Amejenga shule ya matofali kwa mikono yake huko Bukene. Asubuhi anafundisha watoto, jioni wazazi wao. Nimempenda mwenyewe.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeshinda. Pia nimekwisha. Mwalimu Apolinaria amesema wakubwa wa ofisini ni wengi, lakini mtu kama Ng'washi ndiye aliyekuwa akimtafuta. Anamtaka awe mgeni rasmi. Baba akapewa barua aipeleke stesheni. Nikajitolea kuibeba. Iko chini ya godoro.

Lugembe ana mjomba Bukene. Ameniuliza shule hiyo iko upande gani wa reli. Nikasema pande zote mbili.

Jumapili, 7 Julai

Mpango safi. Nimeandika jibu kwa mkono wa kushoto: Marko anaumwa mgongo, hawezi kusafiri, anawasalimu wote. Nitasema limeletwa na abiria wa treni.

Jumatatu, 8 Julai

Mwalimu ameisoma barua mbele ya chuo kizima, sauti ikimtetemeka. Wamechanga sukari. Wanachuo ishirini wamejitolea kwenda Alhamisi kumlimia shamba. Baba anatia mafuta lori.

Jumanne, 9 Julai

Nimetumwa kutafuta Marko alimaliza mwaka gani. Rejesta za zamani zililiwa na mchwa, kwa hiyo nikaelekezwa kwa Bi Batuli, mpishi tangu chuo kifunguliwe. Kwenye kisomo cha watu wazima ameandikwa kuwa hajui kusoma. Lakini alipoitikia shikamoo yangu alitoa daftari lenye madoa ya mafuta: kila mwanachuo aliyewahi kula kwake, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikauliza mbona hakuwaambia walimu wa kisomo. Akasema hawakumwuliza, walimpa kalamu tu wakaanza na a.

Akapitia kurasa zote. Ng'washi wawili: mmoja alikuwa mlafi, mwingine alirudi kwao na homa. Marko hakuna. Akafunga daftari.

"Huyo hajala kwangu, mjukuu wangu. Kamwambie mkuu kabla sukari haijapakiwa."

Jumatano, 10 Julai

Nimesema. Mwalimu hakunifokea. Alikata jina kwa rula, akasema alikuwa ameshamwandikia mama yake habari za Marko. Hilo liliuma kuliko fimbo. Maktaba imekwenda kwa Lugembe. Wale wanachuo ishirini watalima shamba la chuo badala yake, na wananitazama vibaya.

Ili nisilie, nikamweleza mkuu juu ya daftari la jikoni. Akaenda papo hapo, akakaa juu ya gunia la mahindi, akasikiliza majina mpaka ugali ukapoa. Alipoinuka alisema wa kwanza katika orodha ya watu mashuhuri atakuwa Bi Batuli. Bi Batuli akamwambia aangalie asikanyage kuni.

Adhabu yangu: kuliandika upya daftari lote kwa herufi za shuleni, Bi Batuli akinisomea. Kila alasiri, maktabani, maana ndiko kwenye meza.

Alhamisi, 11 Julai

Maktaba inanukia karatasi. Bi Batuli anasoma bila kusita, na anamkumbuka kila mtu na sahani yake. Sijawahi kumheshimu mtu hivi. Nimeapa kutosema uongo tena.

Tulipofika mwaka 1967 alivua miwani aipanguse. Nikaandika: 143. Marko Ng'washi, Bukene. Hapendi kunde.

Kisha nikamwomba aendelee.