Marumaru ya Kaburi Langu

Jumatatu, 8 Juni
Hapa Ibaba ni baridi tupu. Nina miaka themanini na minne, moyo unapiga kwa kukadiria, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Kwa hiyo nakiri mapema. Marumaru niliyojichongeshea kwa ajili ya kaburi langu (siwaamini wanangu na herufi kubwa za jina langu) naitoa stoo. Mabamba yake yatazunguka meko ya sebuleni. Sababu ni jirani Yonathani, bwana shamba mstaafu. Kabandika vigae kwenye meko yake, na wazee wote wa kanisa wamehamia kwake kuota moto. Nikifa wiki hii, habari itawakuta wamejinyoosha kwenye viti vyake. Haivumiliki.

Jumanne, 9 Juni
Mke wangu Ketrina kagoma. "Baba Recho, hilo ni kaburi. Utakunywaje chai unalitazama?" Nimemjibu maandishi yatageukia ukutani. Kachukua kikombe chake, kaenda kunywea jikoni.

Jumatano, 10 Juni
Fundi Deus kaja. Anataka ndoano za chuma ukutani, gundi ya vigae, na silikoni ya kuhimili moto, ambayo mpaka iagizwe Tunduma. Wiki nzima. Nimemwambia sina wiki. Nina nta ya nyuki kutoka Mbangala, kilo tatu. Inashika, inaziba, inanukia. Deus kauliza kwa adabu kama Mwalimu anakumbuka kwamba pale panawashwa moto. Nimemkumbusha nani alimfundisha sayansi darasa la sita.

Ijumaa, 12 Juni
Imesimama. Nyeupe, kama ya nyumba ya balozi. Kila upenyo nimeuziba kwa nta na kuulainisha kwa kidole. Wazee nimewaalika kesho saa nne asubuhi. Yonathani pia, ili aumie.

Jumamosi, 13 Juni
Wamekuja wote sita. Yonathani kasifu kwa shida. Kwa furaha nikaongeza kuni. Chai ya pili haijamiminwa, nta ikaanza kutiririka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Bamba la juu likainama taratibu, kwa heshima zote, likalala juu ya gunia la mahindi, maandishi juu: HAPA AMEPUMZIKA MWALIMU BOAZI. Wazee wakavua kofia. Mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi, kwa mazoea tu. Yonathani akauliza, "Mwalimu, umetuita kuota moto au kuzika? Mbona hukusema tuje na majembe?" Walicheka mpaka barabarani. Sijawahi kufedheheka hivi nikiwa hai.

Jumapili, 14 Juni
Baada ya ibada wamerudi wote, na wengine wapya, kuliona bamba. Sebule imejaa. Yonathani kakaa mbele kabisa, anawasimulia kama vile ni lake. Hakuna aliyekwenda kwenye vigae.
Deus kanivuta pembeni kunieleza kwamba nta huyeyuka. Hilo nalijua, nimelifundisha miaka thelathini. Kosa lilikuwa kipimo. Nimeagiza debe zima la nta.