Supu ya Kwetu Haitiwi Rangi

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa muda wangu wa majaribio unakwisha. Ama nathibitishwa kazini, ama narudi nyumbani na kikombe changu cha chai. 

Leo mchana Bw. Khoo, mkuu wa idara yetu, Mchina wa kabila la Hokkien kuanzia unyayo hadi upara, ametangaza kwamba supu ya mbavu za nguruwe sharti iwe nyeusi, yenye sosi ya soya na mizizi ya dawa. Ile nyeupe ya Wateochew, Wachina wa kabila letu, akasema, ni maji ya kusuuzia sufuria. Idara nzima ikacheka. Nami nikacheka! Mimi, Kwek Joo Hiang, mjukuu wa mwanamke anayepika supu hiyo hiyo nyeupe sokoni! Baba yake aliibeba kwa mti begani, chungu upande huu, jiko upande ule, akiwauzia wapagazi wa Mto Singapuri. Nami nilicheka kuwashinda wote. Aibu.

Mpango: Alhamisi nimpeleke Bw. Khoo kwa Bibi. Atakunywa. Atanyamaza. Atanipenda.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Bibi. Akauliza kama huyo bosi ni wa kwetu. Nikasema hapana, Mhokkien. Akasema mlete tu, hata wao wana midomo.

Kisha akanipa vitunguu saumu nivioshe, akanionya nisimenye hata punje. Kichwa cha saumu huingia chunguni kizima, na maganda yake, kama alivyofanya baba yake. Mbavu, saumu, pilipili manga nyeupe, chumvi. Basi! Kwenye supu yetu, anasema, mpishi hana pa kujificha. Ukiharibu, huonekana hadi chini ya bakuli. Nilijihisi nimerefuka.

Jioni hofu ikarudi. Je, asipoipenda? Nimenunua chupa ya sosi nyeusi, soko la mbali, kwa muuzaji asiyemjua Bibi. Tone tu, kwenye bakuli la bosi. Ladha iwe yetu, rangi iwe yake. Akili hiyo!

Jumatano, 6 Machi

Lay Choo wa meza ya jirani amejialika. Anasema hawezi kukosa kumwona karani anayeomba ruhusa kabla ya kupiga chafya akimkaribisha bosi. Nilimjibu kwamba kazini sipigi chafya kabisa. Alicheka hadi akashika meza.

Nimefanya mazoezi ya kumimina sosi bafuni. Kila mara humwagika zaidi ya tone. Sinki limekuwa jeusi. Nimemwambia Mama ni wino.

Alhamisi, 7 Machi

Maafa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bibi alitoa mbavu ndefu kuliko zote. Nilizichukua mwenyewe, nikageuka nyuma ya nguzo, nikafungua chupa. Lo! Si tone. Ilikuwa mafuriko.

Bw. Khoo aliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akanywa kimya. Nikaanza kupumua. Ndipo Bibi akaja na birika lake, maana kwake supu huongezwa bure mpaka mgeni aseme basi. Akachungulia. Birika likasimama hewani. Akauliza, kwa sauti iliyofika kwa wauza samaki, ni nani aliyetia masizi kwenye supu ya baba yake.

Nikasema ni Bw. Khoo.

Sijui mdomo wangu ulitumwa na nani. Bibi akamgeukia bosi wangu. Wewe mwanangu, akasema, mwanamume mzima una upara, na bado unakoroga chakula kama mtoto? Lay Choo akajificha nyuma ya kikombe cha chai. Bw. Khoo hakujitetea. Bibi akamwaga ile supu, akaleta nyingine safi, akasimama juu yake mikono kiunoni.

Akanywa. Pilipili ikampanda. Upara ukalowa. Akasukuma bakuli mbele, likajazwa. Akasukuma tena, likajazwa. Mwishowe akasema, polepole, kwamba ile ya kwanza haikuwa ya kwao wala ya kwetu. Lakini hii, haoni kasoro. Soko zima lilisikia! Machozi yalinitoka. Nimesema ni pilipili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa ofisini. Bw. Khoo aliniona nyuma ya nguzo. Aliniona tangu mwanzo! Anasema alinyamaza ili aone nitafika wapi, na nimefika mbali. Majaribio yanaendelea miezi mitatu. Supu, akaongeza, imeshathibitishwa.

Lay Choo naye amemweleza Bibi kila kitu. Amenikataza kugusa bakuli lolote.

Jumamosi, 9 Machi

Habari njema! Kesho Bw. Khoo anarudi kwa Bibi, pamoja na mama yake mzazi, bingwa wa supu nyeusi. Bosi humsikiliza mama yake kwa kila jambo. Nitakaa karibu na huyo mama na kumnong'oneza kwamba, kwa siri, supu yake ndiyo bora.

Sikio la kushoto la Bibi halisikii vizuri. Nitakaa kushoto.