Viazi vya Chini ya Bahari

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, Mheshimiwa Makamu wake ambaye leo hakufika na kwa hiyo nafasi yake naikaimu mimi, waheshimiwa wenye nyumba za wageni, waheshimiwa wenye malori na ninyi mliosimama hapa kwa sababu tu lori limewaharibikia, akina mama wa sokoni, walimu, wakulima wa Makambako, na ninyi mliotoka Njombe kwa nauli zenu wenyewe, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mbuzi anafukuzwa mbele ya jukwaa.)

Mimi, Stanley Filemoni, Katibu wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Uchimbaji wa Kina Kirefu, nina furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba katika zama hizi za soko huria, ambapo hata aliyekuwa akipanga foleni kununua sukari sasa anaiuza, Makambako nayo inaingia baharini. (Vicheko. Sauti: "Kwa reli au kwa miguu?")

Kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya mwenyewe, kichwani, chini kabisa ya bahari, kilomita nne au tano ambako jua halijawahi kufika, yametapakaa mawe meusi yenye madini, kila moja sawa na kiazi mviringo, na nawauliza, ndugu zangu stekiholda, ni nani katika nchi hii anayejua kuokota viazi kuliko sisi? (Makofi makubwa.) Ndiyo maana vijana kumi na wawili wamepewa mafunzo kwa vitendo, kwa kuvuna viazi huku wamebana pumzi, na asilimia mia moja na ishirini wamefaulu, isipokuwa Benno, ambaye alizimia. (Shangwe. Benno anasimama na kupunga mkono.)

Viazi vya mafunzo hayo vilitoka katika kinyungu cha Mama Letisia, ile bustani yake ya bondeni anayoilima kiangazi, na kamati ikavila kama posho ya kikao. Kinyungu chenyewe, pamoja na chemchemi yake, kitafukiwa kwa kifusi kuanzia Jumatatu, ili pawe stoo ya mawe yatakayoletwa kwa treni. Nafahamu, mama, kwamba wanao sita wanakula kutoka humo hadi mvua zianze. Kamati imekuandalia shukrani. (Letisia ananyoosha mkono.)

Haya, Mama Letisia, kwa kifupi.

("Mheshimiwa, hayo mawe yanakua?")

Swali la kitaalamu! Yanakua, mama. Wanasema upana wa ukucha kwa miaka milioni moja, au zaidi.

("Mimi nikivuna naacha mbegu. Na pale kwenye chemchemi naacha hatua kumi, jembe halifiki, maana nikilima mpaka pale nitawakaushia maji watu wa chini. Sasa huko baharini mtaacha nini?" Minong'ono. Hamis, mwenye lori, anapaza sauti: "Mjibu mama, mheshimiwa, usimzungushe!")

Simzungushi, ndugu Hamis, natoa ufafanuzi. Ni kweli kwamba juu ya mawe hayo kuna viumbe waliojishikiza, wengine hata jina hawajapewa, lakini kamati imeridhika kwamba, kwa kuwa wengi wao hawana macho, hawataiona hasara, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyefika ofisini kwangu na malalamiko. Ama kuhusu tope litakalotibuka, litatulia lenyewe, kwa muda ambao utakuwa nje ya kipindi changu cha uongozi. (Vicheko. Letisia hacheki.)

("Wasioweza kuja ofisini ndio wa kuangaliwa zaidi, mheshimiwa. Mtoto mchanga naye haleti barua.")

Hoja imepokelewa, itajadiliwa, na itasahauliwa kwa kufuata utaratibu. Sasa tuitikie pamoja. Kina kirefu! ("Faida!") Kina kirefu zaidi! ("Faida zaidi!") Mazingira! (Watu wanatazamana, neno hilo hawakufundishwa kiitikio chake.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru kwa namna ya pekee investa wetu, yule mgeni niliyekutana naye stesheni akisubiri treni ya kwenda Zambia, akanisomea habari za mawe hayo katika gazeti lake. Jina hakuniachia, wala hakusema kwamba anachimba chochote, na nilipoanza kumweleza kuhusu stoo, treni ikaja, akapanda, na gazeti akaenda nalo. Naishukuru meli, ambayo haipo. Naishukuru wizara, ambayo bado hatujaiandikia. Naishukuru na bahari, ambayo mimi binafsi sijawahi kuiona. (Kicheko kinaanzia nyuma na kufika mpaka meza kuu. Letisia anaweka jembe begani na kuanza kushuka bondeni.)

Mama Letisia! Mradi kutokuwepo si sababu ya kukiuka taratibu! Subiri kwanza kikao kikae kiufute!

("Kaeni tu, mheshimiwa. Mimi napanda leo.")