Saa Tano za Kuongeza Nchi

Jumanne, 5 Agosti

Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa na sijawahi kuvuka mpaka. Aibu hii naijua mimi, na walimu wote. Mwalimu wa historia, tunayemwita Balozi, amebandika ramani kwenye chumba cha walimu na kuichoma pini sita nyekundu. Nchi sita! Leo nimemwambia nitarudi na mbili kwa mpigo: ninakokwenda, na ninakobadilishia ndege. Akasema, bila kuinua macho kwenye madaftari, kwamba uwanja wa ndege hauhesabiki. Lazima mguu ukanyage mtaa.

Sawa. Utakanyaga.

Safari yenyewe ni ya mama mkwe. Binti yake wa mwisho anahitimu udaktari wa meno Ijumaa asubuhi. Mama alimsomesha kwa cherehani moja. Hajawahi kupanda ndege. Mke wangu amenisihi nisimwache mama yake hata dakika moja. Nimeapa. Nyaraka zote, zake na zangu, nimezitia kwenye mkoba wangu wa kiunoni zisije zikapotea. Mtu makini ni mtu makini.

Alhamisi, 7 Agosti, asubuhi

Tumetua saa nne. Ndege nyingine ni saa tisa. Afisa amesema abiria wa kupita anaweza kutoka nje, mradi arudi leo leo. Nimemkalisha Mama karibu na mlango wetu, miguu juu ya begi, gauni lake jipya la mahafali mapajani. Ukweli ungemtia wasiwasi bure. Nimemwambia naenda msalani. Akasema nisiharakishe, tumbo la safari si la kuchezea. Roho ikanisuta kidogo. Nimeipuuza.

Alhamisi, jioni

Sijui nianzie wapi.

Niligongewa muhuri, nikarukia basi la kwanza. Kumbe la wafanyakazi. Wafagiaji waliomaliza zamu, wote wanasinzia. Likatushusha kwenye mtaa wa maduka ya matairi na vitasa. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nikajipiga picha mbele ya matairi. Nikaona Balozi atacheka, nikatafuta jengo la heshima. Nikalipata: nguzo nne, ngazi za mawe, foleni ndefu yenye adabu. Makumbusho, hakuna kingine. Nikapanga foleni dakika arobaini. Watu walinitazama kwa upole. Mzee mmoja alinipigapiga begani. Nikawaza, hawa wanapenda wageni.

Ndani, muuguzi. Lugha yake siijui, yangu haijui. Akauliza, nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena, nikakubali tena. Akanijazia kadi, akanikunjia mkono wa shati. Ndipo nikaona vitanda, mirija, na mifuko ikijaa damu. Ningekimbiaje, mwanamume mzima, foleni yote inanitazama? Nikalala. Nikachangia damu katika mtaa ambao jina lake siwezi kulitamka.

Niliposimama, dunia ikazunguka. Wakanirudisha kitandani, wakanifunika shuka. Nilipozinduka ilikuwa saa tisa kasorobo.

Mlango wa ndege nilikuta umefungwa. Kitini Mama hayupo. Alikuwa amesimama nje ya choo cha wanaume. Alikuwa pale tangu saa tano. Alimwomba mfagiaji agonge kila mlango. Ndege ilipotangazwa alikwenda kwa wahudumu, wakataka pasipoti, akarudi palepale chooni kunisubiri. Hakunikaripia. Aliona bandeji mkononi, akaushika uso wangu kwa viganja viwili.

"Mwanangu, umepatwa na nini?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. Nikasema nilizimia msalani, nikapelekwa zahanati ya uwanja. Akalia. Akamshukuru Mungu kwamba nimepona. Ndege inayofuata ni kesho jioni.

Ijumaa, 8 Agosti

Hoteli ya uwanja. Saa ile shemeji anaitwa jukwaani, mama yake alikuwa ananinywesha supu kwa kijiko. Alikuwa amevaa lile gauni. Alisema limeshonwa kwa ajili ya leo na leo litavaliwa. Kisha akampigia binti yake simu, akamwambia nusura nife, na kwamba sherehe hupita lakini mtu hapatikani dukani. Nikageukia ukutani. Supu ilikuwa tamu. Hilo nalo linaniaibisha.

Jumapili, 10 Agosti

Tulifika jana. Majirani wa shemeji wamekuja kunipa pole, mmoja baada ya mwingine. Nimekohoa inapobidi. Leo shemeji akataka karatasi za zahanati. Nikasema zimepotea. Akafungua mkoba wangu anisaidie kuzitafuta, akatoa kadi. Lugha ile anaisoma, amesoma miaka sita na watu wa huko. Aliisoma mara mbili, kisha akafunga mlango wa chumba.

"Shemeji, hapa wanakushukuru kwa kuchangia damu. Katikati ya mji."

Nikasema naweza kueleza. Akasema nisimweleze yeye. Nimweleze Mama, tena leo, la sivyo atamweleza mwenyewe.

Mama alikuwa anapiga pasi joho la binti yake, joho ambalo hakuliona likivaliwa. Nikasema yote, hata Balozi na pini zake. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mkono wa pili wa joho.

"Nilidhani umekufa mle ndani," akasema. "Nikawa nawaza, nitamwambia nini mwanangu."

Akanyoosha mkono, akaomba pasipoti yake. Nikampa. Akaitia kifuani, akaendelea na pasi. Heri angenitukana.

Jioni shemeji alivaa joho, akatembea kutoka jikoni hadi dirishani kwa mwendo wa jukwaani. Mama akapiga makofi peke yake, muda mrefu. Mimi nilipiga picha. Nyuma ya simu angalau mtu hatazamwi machoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Tunarudi nyumbani. Uwanja uleule, kusubiri kwa saa sita. Nimetafakari sana wiki hii, tena kwa unyenyekevu. Balozi amejibu picha yangu: matairi hata nyuma ya shule yapo. Amesema kweli.

Kosa langu nimelielewa. Ilikuwa pasipoti. Mama asingekosa ndege kama angekuwa na nyaraka zake. Sasa anazo zote, na anaujua mlango. Hata nikichelewa, atafika salama kwa mke wangu. Kwa hiyo hakuna wa kuumia. Dhamiri yangu haijawahi kuwa nyeupe hivi.

Nimesubiri asinzie, nisimsumbue.

Naandika haya ndani ya basi. Sijui linakwenda wapi. Lakini limejaa, na watu wote hawa hawawezi kuwa wamepotea.