Kigae cha Chini ya Kiti Changu

Jumatatu, 3 Machi
Leo kaja mtaalamu wa kupunguza matumizi ya umeme. Kumbe ni mkwe wangu! Mume wa binti yangu, yule mpole anayetafuna taratibu kama anahesabu punje. Mkurugenzi kampokea kwa mikono miwili. Mimi mwaka wa kumi na tisa natunza chumba hiki cha seva, zile kompyuta kubwa za ofisi, hiyo mikono miwili sijawahi kuiona.

Chumba changu baridi yake haina mfano. Nyuzi kumi na sita. Wageni wakiingia meno yanagongana, mimi nacheka ndani ya koti langu. Niliishia darasa la nne, lakini baridi naijua.

Mkurugenzi kasema viyoyozi vinakula umeme karibu sawa na seva zenyewe. Eti atakayeonyesha unapotelea wapi ndiye atakayeshika ufunguo wa chumba. Ufunguo huo uko shingoni mwangu! Nauvua wakati wa kuoga tu. Na si kila mara.

Jumanne, 4 Machi
Mkwe kazunguka na kipimajoto chake siku nzima. Kisha akaniambia kwa adabu, tena akiwa ameinama kidogo, kwamba baridi yangu ni nzuri ila inachanganyika na joto kabla haijafika kwenye mashine. Anataka mbele ya seva pawe baridi, nyuma pawe joto, katikati pazia.

Pazia! Nikamwambia hapa si chumba cha bibi harusi. Watu wakacheka sana. Wakamaliza kucheka, wakalitundika.

Nyumbani alipita kutusalimu. Mke wangu kampakulia kabla yangu. Eti kijana kakonda kwa kufikiri. Hata mimi nimekonda. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 5 Machi
Wamepandisha mpaka nyuzi ishirini na nne. Nilisimama asubuhi nzima na ndoo ya mchanga nikisubiri seva ziungue. Haziungui. Mama mfagizi, ana ulimi yule, akaniuliza kama nimehamia ujenzi.

Saa nne nikavua koti. Bila koti mimi ni mzee tu mwenye ndoo.

Mita ya umeme imepunguza mwendo. Mkurugenzi kampigapiga mkwe begani mara tatu. Nimehesabu. Mkwe kasema bado kuna upepo wa baridi unapotea mahali, na kesho atapajua. Huyu akipajua, shingo yangu itabaki tupu. Nimepata wazo.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: chupa yangu ya chai, kifuniko wazi, chini ya kipimajoto cha ukutani. Kipimajoto kishtuke, king'ora kilie, wote waseme mzee alituonya. Akili hiyo haifundishwi shuleni!

King'ora hakikulia. Kumbe kipimajoto kile ndicho kinachoviamuru viyoyozi. Kilipoona mvuke wa chai kikadhani chumba kizima kinachemka. Viyoyozi vyote vinne vikanguruma. Nikavaa koti, raha tupu, mpaka mkurugenzi alipoingia mbio akisema mita inakimbia kama imechomwa sindano. Mkwe nyuma yake. Akaiona chupa. Ina jina langu kwa rangi nyekundu, mke wangu aliliandika isiibiwe.

Halafu akachungulia chini ya kiti changu.

Pale pana kigae chenye matundu. Vigae hivyo hukaa mbele ya seva, baridi ipande kutoka chini ya sakafu. Kimoja nilikihamisha mwaka wangu wa pili, kinipulizie miguu. Mama mfagizi akasema basi upepo wa kabati zima la seva, miaka yote hii, ulikuwa unapoza vidole vya mzee.

Mkurugenzi akanyoosha mkono. Nikaanza kuvua ufunguo, ukakwama kwenye sikio.

Ndipo mkwe akasema, "Mzee ndiye aliyenionyesha. Chupa tuliiweka tujaribu kipimajoto. Na kigae nilimwomba asikiguse mpaka nikipime."

Uongo mtupu, bila kupepesa jicho! Mkono wa mkurugenzi ukarudi mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi
Kigae kimerudishwa mbele ya seva. Mita haijawahi kwenda polepole hivi. Mkurugenzi kanishukuru hadharani. Begani mara moja. Mkwe mara tano.

Nilitaka kumshukuru mkwe. Nikafungua mdomo, ikatoka kwamba kigae kile nilikichagua mimi. Akajibu, "Ndiyo, baba." Mtu hata kugombana naye huwezi!

Binti kamsimulia mama yake yote. Mke wangu kafuta machozi, kasema Mungu hakutupa mkwe, katupa mtoto. Mimi nimekaa pembeni na ufunguo wangu.

Jumapili, 9 Machi
Mkwe anakuja kula mchana. Mke wangu kafua mapazia kwa heshima yake. Leo atajua fundi ni nani.

Sebule yetu ina joto. Kwa hiyo tangu alfajiri nimeacha mlango wa friji wazi na kiti changu nimekiweka mbele yake. Koti nimevaa. Mgongo wa friji unachoma kama pasi, lakini huko ni nyuma. Mbele baridi, nyuma joto, kama anavyotaka mwenyewe. Lilikuwa limebaki pazia tu, nami nimeanua yale ya mke wangu. Hayajakauka, lakini yanatosha.

Mke wangu anauliza kwa nini nyama inachuruzika mpaka mlangoni. Sauti si nzuri.

Nitamwambia mkwe ndiye aliyenionyesha.